Kapteni Aliyekataza Shikamoo Ndani ya Ndege

Shikamoo ilikuwa inaishia kwenye ngazi. Ukiwa chini, umekanyaga changarawe nyekundu ya uwanja wetu wa ndege hapa Ngara, ulimwamkia Kapteni kama unavyomwamkia mzee yeyote, na usipomwamkia alikununia mpaka jioni. Lakini ukishaweka mguu kwenye ngazi ya ndege yake, kisha ukathubutu kutamka shikamoo, alikutazama kama mtu aliyepanda na jiko la mkaa linalowaka.

"Humu hakuna mzee," alikuwa anasema. "Humu kuna ndege."

Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, hayo waulizwe ndugu zake. Mimi nilimjua kazini. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya injini moja inayopeleka madaktari na wauguzi kwenye vituo vya afya vya wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, na kurudi na wagonjwa ambao barabara ingewamaliza. Nyumba yake ilikuwa Nyarubungo, upande wa Biharamulo, katikati ya migomba.

Na mimi ni nani? Ni mtoto wa Murusagamba, huko ambako gari likifika salama dereva anapongezwa. Nilianzia Mwanza, nikiosha ndege kwa ndoo na tambara, nikajisomesha kwa mshahara huo huo mpaka nikapata diploma ya usalama wa anga. Sikubebwa na mjomba wala mbunge. Sijasikia mwingine katani kwetu mwenye diploma hiyo, na kama yupo hajajitokeza. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, nikajenga nyumba ambayo wageni wakiuliza njia wanaelekezwa kwayo, nikaajiriwa kuwa msimamizi wa usalama wa huduma hiyo ya ndege. Kwa hiyo ninaposimulia habari za Kapteni, msomaji ajue anaelezwa na mtu anayeijua kazi.

Alikuwa mfupi, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Sokoni, kanisani, msibani, alivaa shati jeupe lenye tepe za urubani mabegani, na viatu vyeusi alivyovifuta vumbi kwa kitambaa kila baada ya hatua chache. Alitembea mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Mimi hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Diploma. Wengine walidhani ni dhihaka. Mimi niliichukua kama utambuzi.

Sababu ya kukataza shikamoo alinieleza siku moja, tukisubiri mvua ipite chini ya bawa la ndege. Alipokuwa kijana alikaa kiti cha msaidizi, kulia kwa kapteni mzee aliyemheshimu kama baba. Akaona mshale wa mafuta unashuka haraka kuliko inavyotakiwa. Akaanza kutafuta maneno. Huwezi kumwambia mtu wa umri wa baba yako kwamba amekosea hesabu ya mafuta. Unatafuta pa kuingilia. Mwisho akasema, "Mzee, naona safari imekuwa ndefu." Yule mzee akamjibu kwa upole, "Ndiyo, mwanangu, ni ndefu." Wakaendelea. Walitua kwenye shamba la pamba huko Usukumani, injini imenyamaza, wakiwa wazima kwa bahati tu. Walipotoka kwenye majani, mzee akamuuliza kwa nini hakusema.

"Nami nilikuwa nimesema, Diploma," akaniambia. "Nilikuwa nimesema kwa adabu."

Darasani somo hilo tulilisoma kwa kirefu, na mimi nililifaulu vizuri: kwa nini mtu mwenye akili timamu, akiwa na ndege nzima, anaipeleka mlimani huku aliye pembeni yake anaona na kunyamaza. Wazungu wana michoro mingi juu ya jambo hilo. Kapteni alikuwa na ngazi. Mlango ukifungwa, kila aliyemo ndani alitakiwa amwite "wewe", na akiona kosa aseme, "Sikubaliani." Hakutaka "nilikuwa nafikiri" wala "kama hutojali". Neno alilolichukia kuliko yote ni labda. "Usiniletee labda," alikuwa anasema. "Labda haina magurudumu."

Unaweza kufikiri watu walifurahi kupewa uhuru huo. Walichukia. Mchungaji wetu, mtu mzima mwenye mvi, alipanda siku moja kwenda kikao Mwanza, akamsikia muuguzi mdogo akimwambia Kapteni, "Wewe, mlango wa nyuma haujakaza." Jumapili iliyofuata Mchungaji akahubiri juu ya siku za mwisho.

Mgumu zaidi alikuwa mama mmoja wa Kibimba. Binti yake ndiye aliyekuwa rubani msaidizi wa Kapteni, msichana mrefu, mpole, aliyelelewa kupiga goti anapompa mkubwa maji. Mama alikuja uwanjani amevaa kitenge cha harusi, akamwamkia Kapteni vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, za mashamba, za ng'ombe, ndipo akafika kwenye jambo lake.

"Kapteni, mwanangu nilimlea. Nasikia humo ndani anakuita wewe."

"Ananiita."

"Na unaitika."

"Naitika haraka kuliko ninavyoitikia Kapteni."

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Basi siku akirudi nyumbani akaniita na mimi wewe, nitakuletea hapa umlee mwenyewe."

Ninavyojua, binti hakuwahi kumkosea mama yake adabu. Ila mwanzoni hata kwa Kapteni aliona tabu. Aliponitembelea ofisini alikiri kwamba kila anapotamka "wewe" anabana vidole vya miguu ndani ya viatu.

Kabla ya kuruka, Kapteni alipita kwa kila mtu akiuliza: umelala, umekula, umegombana na nani? Aliwauliza marubani, fundi, wauguzi, hata mimi ambaye nabaki chini. Fundi mmoja alijibu kwamba ametoka kugombana na mkewe. Kapteni alimnyang'anya spana, akamwambia ampigie simu kwanza wapatane. Tulisubiri wote juani huku fundi anaomba msamaha kwa sauti. "Hasira inapanda bila tiketi," Kapteni alitueleza, "na haifungi mkanda."

Yeye mwenyewe alilala. Hilo nalo liliwashangaza watu, mzee mzima kutandika mkeka chini ya bawa mchana kweupe, viatu amevipanga pembeni, huku mkuu wa msafara anaangalia saa. Ukimwambia watu wanasubiri, alifungua jicho moja na kukuuliza kama wanasubiri kufika au wanasubiri kuondoka.

Sasa mtu huyu, aliyepita katikati ya mawingu ya Ziwa bila kubadilisha uso, alikuwa anaogopa bodaboda. Nasema kuogopa, siyo kutopenda. Kutoka Nyarubungo kwenda mjini Biharamulo alisubiri gari hata nusu siku. Mara moja alikosa kabisa usafiri, akamwita kijana wa bodaboda, na kabla hajapanda akaanza maswali yake. Umelala? Umekula? Umegombana na mtu? Kijana akazima pikipiki, akamuuliza, "Mzee, unapanda au unaniposa?" Kapteni akaenda kwa miguu, na kwa muda mrefu hadithi hiyo ilimtangulia kila alikokwenda.

Lakini bodaboda ni jambo dogo. Kubwa ni hili: mtu aliyetuamuru tumpinge angani, ardhini alikuwa hapingiki. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba ya Nyarubungo, majirani walimfuata, wakamwambia akate maua dume na achome kisu motoni kila anapohama mgomba. Aliwauliza nani kati yao amewahi kuendesha ndege. Hakukata, hakuchoma. Shamba lote likageuka njano, likaanguka, naye akatangaza kwamba alikuwa na mpango wa kupanda parachichi siku nyingi. Mke wake, mama mnene mwenye kucheka, alikuwa na njia yake: alisema "Ndiyo, Kapteni," kisha akafanya alilotaka. Siku nilipomweleza ile kanuni ya ngazi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe huko juu mnampinga?" akasema. "Basi mnishushie na huku kidogo."

Sasa nifike kwenye lililotuuma wote. Kapteni alikuwa anapoteza sikio.

Lilianza polepole. Ukimsemesha kutoka kushoto, alikugeuzia kichwa chote. Ukimwita kwa redio, aliitika mara ya pili. Mimi nilikaa uwanjani na redio ya mkononi, kazi yangu ikiwa kumwambia rubani anayekuja hali ya uwanja: upepo, matope, watu, mifugo. Nilipoona jambo hilo linaendelea, sikukaa bure kama wengine. Nilitunga utaratibu: kuanzia siku hiyo, kila ujumbe wa redio usemwe mara mbili, viwanja vyote, bila kujali rubani ni nani. Ofisini walinipongeza. Walisema ni ubunifu. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi, na kwa kweli kila mtu alijua.

Nyuma ya Kapteni walikaa wauguzi wenye watoto nyumbani, na wagonjwa waliofungwa kwenye machela. Mbele yao alikaa mtu asiyesikia vizuri, anayeipenda kazi yake kuliko chakula. Hali ndiyo hiyo, na wote tulikuwa tunaizunguka kwa adabu kama watu wanaozunguka shimo la choo gizani.

Kila mwaka alipimwa afya, maana rubani hawezi kuruka bila daktari kumpitisha. Daktari alikuwa kijana mwenye heshima zake. Kipimo cha sikio kinataka mtu ageukie ukutani, asikuone midomo, halafu unamnong'oneza maneno naye anayarudia. Kijana aliona aibu kumwambia mzee wa watu ageukie ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Akamnong'oneza wakiwa wanatazamana. Kapteni alimsoma midomo, akarudia yote, akapita. Hayo daktari mwenyewe alinisimulia, akiona kwamba amefanya jambo la utu.

Yule binti wa Kibimba alikuja kwangu. Akasema Kapteni hasikii; kwamba yeye humrudia ujumbe wa redio kwa sauti, akijifanya anahakiki, ili mzee aupate bila kuona haya. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia aendelee na kazi, suala linashughulikiwa kwa ngazi ya juu. Ngazi yenyewe ilikuwa mimi.

Ningeweza kuandika ripoti. Nimesomea kuandika ripoti. Lakini kwetu huwezi kumpeleka mzee kwenye karatasi kabla hajaambiwa kwa mdomo, na huwezi kwenda kumwambia kwa mdomo ukiwa peke yako na mikono mitupu. Lazima waende watu, na lazima kitangulie chungu. Nikaunda ujumbe. Nilimchukua mchungaji, kwa sababu ya mvi zake, na mwenyekiti wa kijiji cha Kapteni, kwa sababu ana maneno. Nikanunua chungu cha urwagwa, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, tukaenda Nyarubungo alasiri tukiwa tumevaa makoti.

Kosa la kwanza ni kwamba Kapteni alikuwa anaruka kesho yake. Alikuwa hagusi pombe siku ya kuamkia safari, na sisi chungu kimeshafika sebuleni, mrija umeshachomekwa. Kukataa chungu cha wageni ni kuwafukuza. Kunywa ni kuvunja sheria yake mwenyewe. Alipofikiwa na zamu alishika mrija, akauweka midomoni, akafumba macho, akakaa hivyo muda wa kutosha, akashukuru. Hakuvuta hata tone. Tuliona wote, na wote tukamwambia karibu tena. Mchungaji, ambaye hunywa kwa sababu ya tumbo, alisaidia palipopungua.

Mwenyekiti akafungua. Alieleza kwamba umri ni baraka. Alieleza kwamba mti mkubwa unapendeza ukiwa na miche pembeni yake. Mchungaji akapokea, akamtaja mzee mmoja wa kwenye Biblia aliyekabidhi fimbo kwa kijana. Nikafunga mimi, na bila kujisifu niseme nilizungumza vizuri kuliko wote. Nilisema usalama wa anga unahitaji damu changa, kwamba taifa linamtazama Kapteni kama hazina, na kwamba umefika wakati wa hazina hiyo kuwafikia vijana wengi zaidi. Sikio halikutajwa. Lingetajwaje, mwenye sikio ameketi pale?

Kapteni alitusikiliza kichwa kikiwa upande, anatazama midomo yetu mmoja mmoja. Tulipomaliza alikuwa na machozi. Akasimama, akatushukuru, akasema hakujua kwamba wilaya inamthamini namna hiyo. Akasema ombi letu amelipokea. Wiki iliyofuata alikwenda ofisini, akaomba aongezewe safari, ili vijana wengi zaidi wapate kukaa naye.

Tulirudi na chungu kitupu. Njiani mwenyekiti alisema maneno yameingia, yanahitaji muda tu. Mimi hadi leo nashikilia kwamba kwa upande wa lugha hatukukosea mahali.

Ilikuwa asubuhi ya masika, ukungu umeondoka kwenye vilima lakini nyasi bado zina maji. Nilikuwa uwanjani na redio yangu. Kapteni alikuwa anarudi kutoka Biharamulo na wauguzi na mama mjamzito aliyezidiwa. Niliiona ndege ikijipanga upande wa mashariki, taa imewaka. Wakati huo huo ng'ombe wakaingia uwanjani, wale wakubwa wa pembe ndefu, wakitembea kana kwamba wamealikwa. Mwenye kuwachunga, mzee wa Kihangaza, alikuwa anawakimbilia na fimbo, ananiambia kwa mbali kwamba wameruka mtaro, wameruka, hakuwatuma yeye.

Nikabonyeza redio. Nikasema ng'ombe uwanjani, usitue. Nikarudia, kama utaratibu wangu unavyotaka. Redio ikakaa kimya. Ndege ikaendelea kushuka, matairi nayaona, mstari ule ule, kasi ile ile. Nikaacha redio, nikaanza kukimbia kuelekea kwa ng'ombe, koti limenipepea mgongoni. Sijui nilitaka kufanya nini nao.

Halafu injini ikanguruma. Pua ikainuka, ndege ikapita juu yetu karibu kiasi kwamba ng'ombe walitawanyika wenyewe, ikapanda, ikazunguka vilima, ikarudi baada ya muda kutua kwenye uwanja mtupu.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na muuguzi aliyekaa nyuma tu ya marubani. Redio ililia. Binti akangoja Kapteni aitike. Hakuitika. Safari hii hakumrudia ujumbe kama anayehakiki. Alisema, "Ng'ombe uwanjani. Panda juu."

Kapteni, macho mbele, akasema hajaambiwa chochote.

"Umeambiwa mara mbili," binti akasema. "Wewe husikii. Panda."

Muuguzi anasema mkono wa Kapteni ulisukuma kishikio cha nguvu za injini kabla uso wake haujaelewa ameambiwa nini. Mkono ulikuwa umefundishwa. Uso ulichukua muda, na ulipoelewa, anasema, asingependa kuuona tena.

Walipotua tulimshusha mama mjamzito kwanza, akawahishwa hospitali, na alijifungua salama. Kapteni alishuka wa mwisho. Alisimama karibu na tairi, akatoa kitambaa, akaanza kufuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi, kwa kuwa ilikuwa masika. Tulikuwepo wengi pale. Binti akashuka ngazi. Alipokanyaga changarawe akapiga goti kidogo, kama mama yake alivyomfundisha.

"Shikamoo, Kapteni."

Kapteni alichelewa. Nadhani alisikia, alikuwa anamtazama usoni.

"Marahaba," akasema, akaenda zake, na hakumsemesha tena masika yote yale.

Msinielewe vibaya. Ningependa kuandika kwamba alimshukuru siku ile ile, na kwa kalamu yangu ningeweza kuiandika vizuri. Alinuna. Aliyetufundisha kusema, aliposemwa, alinuna kama mtu aliyeibiwa. Kwenye kituo cha afya alimpita binti kama nguzo. Akamwambia mkewe kwamba vijana wa siku hizi wana midomo. Mkewe akajibu, "Ndiyo, Kapteni."

Lakini wiki ile ile alikwenda Mwanza kwa daktari mwingine, kwa gari, safari ya kutwa nzima, hakupanda ndege. Mkewe alifuatana naye. Alinisimulia kwamba daktari alipochukua vyombo vyake, Kapteni alinyanyuka, akageuza kiti mwenyewe, akakaa akitazama ukuta. Hakurudia hata neno moja kwa upande wa kushoto. Alirudi, akaweka tepe zake za urubani mezani ofisini, akaondoka. Kijijini alisema ameacha kazi kwa ajili ya parachichi. Dukani alisema ndege za siku hizi zina kelele. Mwenyekiti aliniambia kwa furaha kwamba ujumbe wetu umezaa matunda, na sikuona sababu ya kubishana naye.

Nilimwona tena kiangazi kilichopita. Ni msimu wa kuchoma mashamba, na moshi kutoka Biharamulo ulikuwa umekaa juu ya vilima vyote, mzito kama blanketi. Kapteni alikuja uwanjani na begi, amevaa suti. Mjukuu wake alikuwa anaagwa Mwanza jioni hiyo, harusi inafuata, na yeye ndiye aliyepangwa kusema maneno ya ukoo. Gari lisingewahi. Ofisi ilikuwa imempa kiti kwenye ndege ya wauguzi, kwa heshima ya utumishi wake.

Rubani wa siku hiyo alikuwa yule binti. Sasa yeye ndiye kapteni, anakaa kushoto. Alikuwa amesimama mbele ya ndege anatazama upande wa Biharamulo, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

Walisalimiana. Hapakuwa na kinyongo, wala hapakuwa na mazungumzo. Kapteni akatazama moshi, akasema kwa sauti ya juu, maana siku hizi anasema kwa sauti ya juu, kwamba amewahi kupita kwenye moshi mbaya kuliko huu akiwa na redio mbovu. "Tukiondoka sasa hivi," akaongeza, "tukafuata mto, tunatokea Ziwa." Abiria wengine wakafurahi. Kulikuwa na bwana mmoja wa mradi aliyekuwa na kikao, akasema basi, Kapteni mzee ameshasema, huyu ndiye mwenye anga lake. Wauguzi wakaanza kuokota mizigo.

Binti hakugeuka haraka. Alimalizia kutazama. Kisha akaja akasimama mbele ya Kapteni, pale pale kwenye changarawe, mbali na ngazi, mahali ambapo kwa kanuni ya Kapteni mwenyewe mzee ni mzee.

"Sikubaliani," akasema. "Hatuondoki."

Yule bwana wa mradi akaguna. Kapteni akaanza, "Binti, sikiliza, mimi nilikuwa nikiruka hapa wewe ukiwa bado—"

"Hatuondoki leo. Sioni vilima." Akaenda kumwambia fundi afunike injini.

Kapteni alichemka. Alisema heshima imekwisha duniani. Aliwaambia wauguzi, akamwambia fundi, akamwambia mlinzi wa geti ambaye hakuhusika. Alipiga simu Mwanza, akapayuka kwamba hatakuja, kwamba maneno ya ukoo ayaseme shangazi, kwamba hapa uwanjani kuna watoto wanaoamua mambo ya watu wazima. Abiria wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Yule bwana wa mradi alimpa pole, akamwambia kwamba enzi zake ndege zilikuwa zinaruka. Kapteni alimtazama kwa namna ambayo bwana yule alikumbuka ana gari linamsubiri.

Tukabaki wawili. Alikaa juu ya begi lake, suti na yote, akalegeza tai. Nilisimama pembeni nikitafuta neno la kumfariji, na ninayo mengi. Hakuningoja.

"Diploma," akasema. "Yule mtoto amesemaje?"

Nikamwambia amesema hatuondoki.

"Kwanza. Alianza na nini?"

Nikamwambia alianza na sikubaliani.

"Hakuanza na samahani?"

"Hakuanza na samahani."

"Hakuzunguka?"

"Hakuzunguka hata kidogo, Kapteni."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, polepole sana, akairudisha. Kisha akasogea kwenye begi kuniachia nafasi ya kukaa, na akafanya jambo ambalo katika miaka yote sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu. Alishika sikio lake la kushoto, akalitikisa kama mtu anayeonyesha tochi iliyokufa betri.

"Hili halisikii," akasema. "Pita upande huu, unirudie tena yote. Taratibu."